Chakula cha mjomba: dawa ya panya niliiweka mimi, jina baya akalibeba mke wangu

Wakuu, salaam.

Humu mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Nyuzi za panya nimezisoma nyingi: dawa gani inaua haraka, gundi gani inanasa, paka gani mkali. Kila nikiziona naandika mistari miwili, halafu nafuta. Leo nimeamua kumaliza.

Sitaongeza chumvi. Na pale ambapo mbaya ni mimi, nitasema mbaya ni mimi.

Hiki ni kisa cha namna nilivyompoteza mke kwa sababu ya panya. Hawakumng'ata wala hawakumletea maradhi. Ni habari ya neno moja tu, na nikimaliza mtanihukumu wenyewe.

Kwetu ni kijiji kimoja nyuma ya Kibiti. Ukiiacha barabara kubwa unatembea kama saa moja, unapita mikorosho, unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda tena. Sisi ni Wamatumbi wa kuhamia. Babu alishuka kutoka kule milimani, akaipenda ardhi, akabaki.

Miaka ninayoisema ni ile ya mwanzoni mwa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa sabuni, mitumba ikaingia, kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara.

Wadogo zangu hamuwezi kuijua hali ya kabla ya hapo. Dawa ya panya ulikuwa hununui. Bwana shamba alikuja nayo msimu wa kupanda, imeshachanganywa na pumba, imetiwa rangi nyekundu hata mtoto anajua hiki si chakula. Mnaitwa kwa majina, mnagawiwa.

Halafu bwana shamba akaacha kuja. Ghala la ushirika likafungwa, kufuli likala kutu. Dawa ikawa inauzwa na wachuuzi gulioni, unga wa rangi ya majivu, unanuka kama kitunguu saumu, umefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hauna jina, hauna maelezo, na muuzaji mwenyewe ukimuuliza anakwambia "hii moto, mzee".

Mwaka huo panya walikuja kwa wingi ambao sijauona tena. Kwanza shambani. Tunafukia mahindi asubuhi, kesho yake tunakuta vishimo mstari mzima, kama mtu kapita na kijiti akitafuta mbegu moja moja. Tukapanda upya, wakafukua upya. Wakahamia kwenye mihogo, wanaila chini chini, juu unaona majani mazuri kabisa, ukivuta unatoka na ganda.

Baadaye wakaingia nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, jiko nyuma, na pembeni kichanja cha mpunga. Pale juu mama alikuwa ameweka mbegu ya mwaka unaofuata, masuke yamefungwa vicha vicha. Kila siku vicha vinapungua.

Nilitega mitego ya mbao. Nilitega ndoo ya maji. Niliazima paka kwa jirani, akala dagaa wetu wiki nzima kisha akarudi kwao kwa miguu yake. Mnacheka, lakini mimi nilikuwa nakaribia kulia.

Sasa niwaeleze kuhusu mama.

Mama alikuwa na mwiko. Ndani ya nyumba yake jina la panya halitajwi, na habari ya dawa ndiyo kabisa. Ukisema "leo naweka dawa" wanasikia. Hawataigusa, na kwa hasira watakutafunia nguo. Watu wa pwani mnalijua hili. Hata leo nina rafiki ana digrii yake, akinunua sumu ya panya anamwonesha mkewe kwa ishara.

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na jina lake la kuwaitia. Wengine walisema "wageni", wengine "wale wenyewe".

Kwetu waliitwa mjomba.

Jina hilo alilianzisha marehemu baba. Mama alikuwa na kaka mmoja tu, Mjomba Salumu, mfanyabiashara wa ufuta na mpunga pale Ikwiriri. Mjomba kwenye kulima hamumuoni. Kwenye palizi hamumuoni. Mpunga ukishaanikwa tu, huyo, na baiskeli yake na magunia matupu yamekunjwa kwenye keria.

Hakuwa mwizi. Kwa mila zetu mjomba ana haki yake kwa dada yake, na baba hakuwa na ubavu wa kumwambia shemeji yake neno. Basi asubuhi moja baba akakuta kichanja kimechakurwa, punje zimetapakaa chini. Akaangalia, akasema taratibu, "Naona mjomba wenu kapita."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama alinuna siku nzima, lakini jina likaganda. Baba alipofariki lilibaki, na mama mwenyewe akawa analitumia bila kufikiri. "Mjomba kala sabuni." "Mjomba kazaa nyuma ya mtungi." Tulishazoea, hata kucheka tuliacha.

Ila lazima nimtendee haki mjomba. Baba alipotuacha, aliyesimama ni yeye. Aliniweka kwake nikamaliza shule. Alipoona nimekuwa mtu mzima, akafunga safari mpaka Mbwara, kwa watu anaojuana nao kibiashara, akaniposea binti.

Binti huyo ndiye Somoe.

Somoe alikuwa na mkono. Wenye kujua mapishi mnaelewa nikisema hivyo. Mchicha ule ule, nazi ile ile, akipika yeye unakula huku unaangalia kama vimebaki sufuriani. Miezi miwili baada ya harusi alianza kukaanga vitumbua asubuhi, anavipeleka kwenye njia ya kuelekea shule. Jua halijawa kali anarudi na sinia tupu, kanga kaifunga kiunoni, anaimba.

Nilikuwa nampenda, wakuu. Sikuwahi kumwambia, wakati ule kwetu mambo hayo hayasemwi, lakini nilikuwa natoka shambani mapema bila sababu.

Mwiko wa kutotaja panya nilimweleza siku za mwanzo. Akacheka, akakubali. Ila jina tunalowaitia sikumwambia. Niliona aibu. Yule mzee ndiye aliyekwenda kwao kukaa mkekani na kuomba mke kwa ajili yangu, sasa nitamwambiaje binti wa watu kwamba nyumbani tunawaita panya kwa jina lake? Mbele ya Somoe nilisema "wale". Mama naye vivyo hivyo.

Ikaja siku yenyewe.

Dawa niliyonunua mara ya kwanza niliichanganya na pumba, wakaiacha. Mara ya pili na mahindi, wakaiacha. Mama akasema hawa wameshakuwa mabwana, wapikie kama mabwana. Asubuhi hiyo, Somoe yuko kwenye vitumbua vyake, mama akapika wali wa nazi kidogo na mchuzi wa kambale. Mimi nikachanganya dawa kwenye mchuzi. Tukaweka kwenye bakuli zuri, nikalifunika kwa kawa, nikaliweka juu ya kabati ili kuku wasifike. Mpango ulikuwa tukirudi jioni tuligawe kwenye vifuu, tuviweke kwenye njia zao.

Bakuli zuri, wakuu. Kawa jipya. Hata mimi nikifikiria leo naona kabisa kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya mtu.

Tukakutana na Somoe mlangoni, yeye anarudi, sisi tunatoka kwenda bondeni. Nina jembe begani, nina haraka, mama ameshatangulia. Nikamwambia:

"Chakula cha mjomba nimekifunika pale juu ya kabati. Asikiguse mtu."

"Haya," akasema.

Sikusimama. Nilifika hadi bondeni, nikalima, nikanywa maji, wala sikugundua nimesema nini. Mbele yake sikuwahi kulitumia neno lile. Siku moja hiyo ulimi ukateleza.

Na siku hiyo hiyo, bila barua wala salamu, Mjomba Salumu akaja.

Alifika adhuhuri na baiskeli, ana jasho, ana njaa. Somoe akampokea, akamtandikia mkeka, akampa maji ya kunawa. Kwa akili yake kila kitu kilikuwa sawa. Mume kasema chakula cha mjomba kipo, na mjomba ndiye huyu. Aliona kumbe mgeni alitarajiwa, ila yeye hakuambiwa kwa kuwa ni mke mgeni. Akakipasha moto, akamtengea.

Tuliporudi alasiri tukamkuta mjomba barazani ameegemea ukuta, anajipepea, anasema tumbo linamsokota. Mama akaingia ndani kwanza. Nikasikia sauti yake:

"Somoe, chakula kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Nimempa mjomba. Kala nusu, anasema kimezidi kitunguu saumu. Si mlisema ni chakula chake?"

Mama akakaa chini pale pale jikoni, na kikapu cha mboga bado kiko kichwani.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Mjomba alitapika mpaka akawa hana cha kutapika. Majirani wakajaa. Tukampakia kwenye baiskeli, wawili wanamshika, mpaka barabarani, tukapata lori la mkaa, hadi hospitali ya misheni Mchukwi. Daktari aliuliza kala nini, nikamvuta pembeni nikamwambia dawa ya panya, nikampa na kile kipande cha gazeti. Hapo sikuficha. Alilazwa siku kadhaa, akapona. Alikonda, mikono ikabaki inatetemeka kidogo, lakini akapona.

Mpaka leo naamini yule mchuuzi alikuwa ameijaza dawa unga wa muhogo. Mungu amsamehe, wizi wake ulituokoa na kaburi.

Ila tulipotoka hospitali, nyumbani habari ilikuwa imeshapikwa na kupakuliwa.

Kilichojulikana ni kwamba mjomba kala sumu, na aliyemtengea ni Somoe. Jirani yetu Bi Tatu, ambaye alikuwa hawezi kuona kimya akakiacha, akatafuta na sababu. Akasema bibi harusi amesikia kwamba mjomba anataka kumwozesha mumewe mke wa pili. Mke wa pili gani? Hakuwepo. Lakini ndani ya siku mbili hata jina lake walikuwa wanalijua.

Somoe alikuwa anajibu kila anayemuuliza jibu moja. "Mume wangu aliniambia ni chakula cha mjomba."

Na hapo ndipo mtego ulipofyatuka, wakuu. Aliyenaswa ni mimi.

Nikikubali kwamba nilisema hivyo, watu watauliza: kwa hiyo wewe ndiye uliyemwandalia mjomba wako sumu? Na nikisema kwamba sikumkusudia yeye, lazima niwaeleze mjomba ni nani. Lazima nisimame mbele ya mzee aliyenilea, aliyetoka kitandani juzi, nimwambie: mjomba, nyumbani kwetu wewe ni panya. Jina alikupa shemeji yako kwa sababu unakuja mavuno tu. Na dada yako analitumia kila siku.

Kikao cha ukoo kilipangwa baada ya swala ya Ijumaa. Asubuhi yake mama alinifuata zizini kwa mbuzi. Alikuwa hajalala siku ngapi sijui, macho yamevimba.

"Mwanangu, lile neno lisitoke," akasema.

"Mama, watamsema Somoe mchawi."

"Kaka yangu ndiye baba yangu sasa. Nimebaki naye yeye tu. Akijua tunamwita vile humu ndani, na aliyeanza ni marehemu, hatakanyaga hapa tena mpaka nife. Mke utapata mwingine. Miye kaka nitampata wapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na mama alikuwa analia mbele ya mbuzi.

Kikao kikakaa barazani kwetu. Wazee wanne, mjomba kwenye kiti cha kamba amejifunika shuka, mama pembeni, Somoe mkekani peke yake. Baba yake alikuwa Mbwara, hata habari hakuwa nazo. Walipaswa kumsubiri. Hawakumsubiri.

Mzee mmoja akamuuliza, akajibu kwa heshima, sauti haitetemeki. Akaeleza mlangoni tulivyokutana, jembe begani, maneno niliyosema, neno kwa neno. Hakuongeza hata moja.

Mzee akanigeukia.

"Mwanetu, ulisema hivyo au hukusema?"

Nikamwangalia mama. Alikuwa anakunjakunja ncha ya kanga, haniangalii. Nikamwangalia mjomba, mikono yake inatetemeka juu ya shuka.

Nikasema, "Sikumbuki."

Somoe alinitazama. Nilidhani atalia au atanirukia. Alinitazama tu, kisha akaangalia mkeka.

Mtaniuliza kwa nini sikudanganya vizuri zaidi. Ningesema nilimwambia "chakula cha wale", yeye akasikia vibaya. Ingekwisha. Asingekuwa na kosa mtu yeyote. Hilo wazo lilinijia, wallahi, miezi mingi baadaye nikiwa juu ya mnazi, na nusura nianguke.

Wazee wakasema ni bahati mbaya, hakuna ushahidi wa kumtia binti hatiani, yaishe. Wakamwuliza mjomba ana neno gani. Mjomba akasema:

"Sina neno na binti. Nilimposa mwenyewe. Ila chakula chake sitakula tena."

Akasema bila hasira, maskini. Lakini mjomba mkubwa wa ukoo akishasema hivyo, nani mwingine atakula?

Kesho yake Somoe alikaanga vitumbua kama kawaida. Akarudi na sinia limejaa. Siku ya pili limejaa. Siku ya tatu nilipita kwa mbali nikamwona amekaa pale njiani, watoto wa shule wanampita wakikimbia upande wa pili. Akachukua kitumbua akakila, makusudi, mbele ya akina mama waliokuwa wamesimama. Akachukua cha pili akala. Walimwangalia mpaka akamaliza, wakaondoka.

Niligeuza njia. Sikwenda kusimama naye. Sikwenda kula hata kimoja mbele yao, mimi mumewe.

Kukatokea msiba nyumba ya tatu. Kwetu kwenye msiba wanawake wote wanaingia jikoni, huulizwi. Somoe akaenda na kisu chake na mbuzi ya kukunia nazi. Wakampokea vizuri, wakampa kazi ya kuchota maji. Siku zote tatu za msiba ni maji tu. Akirudi mabega yamechubuka, ananawa, anapika chakula chetu. Mama naye alikuwa siku hizo anasema ana vidonda vya tumbo, anajipikia uji wake mwenyewe.

Mama. Aliyejua kila kitu.

Kwa hiyo nyumba nzima aliyekuwa anakula chakula cha Somoe ni mimi.

Alivumilia kama miezi mitatu. Siku moja akaniambia anataka kwenda kwao kusalimia. Nikajua. Nilimbebea kifurushi mpaka Kibiti stendi, tumekaa kwenye benchi la muuza chai tunasubiri basi la kwenda kusini. Basi likaja. Akasimama, akaweka kanga sawa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hukumbuki kweli?"

Nikamwambia, "Somoe, tusiyarudie hayo."

Akapanda. Alikaa upande wa pili wa basi, sikumuona dirishani. Miezi ilipopita ndugu zake wakaja kudai talaka, nikaandika. Sikuwa na uso wa kubisha.

Na panya? Panya waliendelea kula. Mbegu ya mama yote iliisha mwaka ule, tukaomba kwa watu. Mwaka uliofuata alipita fundi mmoja wa kutengeneza makarai, akaona kichanja chetu, akashangaa. Akakata madebe mawili ya mafuta, akayafunga kwenye miguu ya kichanja kama sketi zimeinama chini. Akatuambia tuhamishe rundo la kuni mbali na ukuta, tuzibe matundu kwa udongo na chupa zilizovunjika. Nusu siku ya kazi. Kichanjani hawakupanda tena.

Nilikaa nikayaangalia yale madebe. Yalikuwa yapo uani tangu baba yuko hai, tulikuwa tunayatumia kuwapa bata maji.

Nilioa tena, nina watoto, namshukuru Mungu. Mjomba Salumu alifariki, mama akamfuata. Tulimzika mama, na nilipokuwa namwaga udongo nilifikiri sasa ninaweza kusema. Lakini nilikaa tena miaka. Mtu akishazoea kunyamaza haoni mahali pa kuanzia.

Juzi juzi hapa nilikwenda Mbwara kwenye shughuli za ufuta, nikauliza nyumba. Nikaoneshwa. Nikamkuta Somoe ameshakuwa bibi, anachambua choroko na mjukuu wake, mumewe yuko pale pale anatengeneza mpini. Wakanikaribisha kwa heshima zote, nikapewa kiti.

Nikasema yote mbele ya mumewe. Kuhusu baba, kuhusu jina, kuhusu mlangoni, kuhusu mama na mbuzi. Nikasema nilikumbuka, siku ile nilikumbuka kila neno. Nikamwomba msamaha, na hapo machozi yalinitoka, mzee mzima.

Somoe aliendelea kuchambua choroko mpaka nilipomaliza. Kisha akasema:

"Nimekusikia. Lakini miye huna haja ya kuniambia. Miye nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Hakusema kwa ubaya. Akamwambia mjukuu aniletee maji.

Nikarudi nyumbani na neno hilo. Nikasema sawa, nitaitisha watu, niseme. Nikaanza kuhesabu niwaite nani. Wale wazee wanne wote wamekufa. Bi Tatu kafa. Mjomba, mama, wamekufa. Walionunua vitumbua wakaacha kununua, wengi wako Dar au wako chini ya mchanga.

Nikiwa nawaza hivyo nimekaa dukani kwa kijana mmoja, akaja mtoto kununua karanga zilizokaa sana. Mwenzake akamshika mkono akamwambia, "Usile hizo, vitumbua vya Somoe hivyo."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwita yule mtoto, nikamuuliza Somoe ni nani.

"Sijui babu," akasema. "Ndivyo watu wanavyosema. Kitu kibovu, chenye sumu, ndio vitumbua vya Somoe."

Nikamuuliza muuza duka. Naye amekua akiusikia msemo huo. Anadhani Somoe alikuwa jini.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Watu wamekufa wote, neno limebaki, na sasa halina hata mtu wa kumwendea ukamwambia si kweli. Nimeenda kwa imamu, akasema nimuombee Somoe dua. Nimewaambia wanangu, wakasema baba hayo ya zamani. Simuoni wa kumwambia.

Ndiyo maana nimekuja humu, kwenu ambao hamkuwepo.

Somo nililopata ni dogo na limechelewa. Panya wazuieni kwa bati, kwa kuziba matundu, kwa kuhamisha kuni. Ukilazimika kuweka sumu, itaje kwa jina lake mbele ya kila aliyemo ndani, mara tatu, na panya wakisikia na wasikie. Na ukiulizwa jambo ambalo jibu lake ni "ndiyo", sema "ndiyo" siku hiyo hiyo.

Mnaotaka kunisema, nisemeni, sitajibu kwa hasira. Mliowahi kunyamaza hivi hivi, andikeni na nyinyi, huenda mkapata wa kumwambia kabla hajafa.

Na kama kuna memba humu wa Kibiti, Bungu, Ikwiriri, popote kule, nakuomba jambo moja tu. Siku ukimsikia mtu anasema "vitumbua vya Somoe", msimamishe. Mwambie Somoe ni mwanamke, yuko hai, hakumwekea mtu sumu. Aliyeiweka ni mumewe, na mumewe alikuwa anakumbuka.